Ya Mbele Kwanza

Mtu aliyepanda nguzo za umeme kwa miaka thelathini na moja hana haja ya kujigamba kwamba si mwoga. Wenzake kazini walimwita Komando, na jina hilo hakujipachika. Alilipata siku transfoma ilipolipuka nyuma ya kiwanda cha mikate. Wanaume wanne walitimua mbio, mmoja akaacha kiatu, na yeye akabaki pale pale mpaka alipohakikisha laini imezimwa. Kisha akaokota kile kiatu, akaingia nacho kantini, akauliza kwa sauti kimeanguka kutoka mguu gani. Tangu siku hiyo hakuna fundi aliyeinua sauti mbele yake, isipokuwa kwa kumsalimia.

Basi huyo Komando, akiwa na miaka hamsini na tisa na amebakiza wiki mbili tu astaafu, Alhamisi moja alfajiri alisimama bafuni kwake na taulo begani akashindwa kuoga, kisa tundu la kutolea maji. Lilikuwa tundu lile lile la miaka yote. Aliliangalia, moyo ukaanza kumwenda mbio, mikono ikamtoka jasho. Hakujua alitarajia nini kitoke humo. Alijua tu kwamba akilipa kisogo, kitatoka. Akanawa uso jikoni, akavaa, akaenda kazini hivyo hivyo, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kwamba Komando anaogopa tundu?

Jambo lenyewe lilianza kwa furaha. Watoto wao watatu, wote wakubwa na kila mmoja na mji wake, walichanga wakawanunulia wazazi zawadi ya kustaafu: tiketi mbili za ndege, na wiki mbili za mapumziko kwenye kisiwa cha joto, ng'ambo kabisa, ambako hakuna mtu anayejua hata neno moja la lugha yao. Komando hajawahi kuvuka mpaka. Mumewe ndiyo usiseme. Alikuwa mtunza stoo katika gereji ya malori, miaka ishirini na sita ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alipooneshwa picha ya bahari ya kule aliuliza kama maji yana rangi hiyo kweli au wameyapaka.

Mtunza stoo si mtu wa kwenda mahali bila orodha. Alifungua daftari jipya, akaandika maneno matatu makubwa: afya, lugha, fedha, akapigia kila moja mstari kwa rula. Afya ikawapeleka kliniki ya wasafiri. Muuguzi wa pale, mama mwembamba asiyependa kurudia maneno, aliwachoma sindano, akagonga mihuri kwenye kadi zao, kisha akaja kwenye malaria. Mji wao uko juu, ni wa baridi, na mbu akionekana watu humwita jirani aje amwone. Huko waendako mbu ndio wenyeji.

"Kidonge kimoja kila Jumapili," alisema muuguzi. "Si kila siku. Kila Jumapili. Mnaanza wiki tatu kabla ya safari, mnameza mkiwa huko, mkirudi mnaendelea wiki nne. Vidonge tisa kila mtu. Mama, una ugonjwa wowote?"

"Presha tu. Nina kidonge changu cha kila asubuhi, na imetulia."

Muuguzi akataka jina la hicho kidonge, akapekua kitabu chake, akaridhika. "Ubebe vya kutosha na barua ya daktari. Halafu nisikilizeni nyote wawili. Dawa zote ziacheni kwenye maboksi yake."

Mtunza stoo alitikisa kichwa kukubali, lakini kulikuwa kutikisa kwa mtu ambaye ameshaamua lake. Huyu bwana alikuwa na chuki ya zamani na maboksi. Kwake boksi lilikuwa ujanja wa muuzaji, nusu hewa na nusu maneno. Stooni kwake hapakuwa na nati wala boliti iliyolala kwenye boksi la dukani. Kila kitu kilihamishiwa kwenye kichupa, kichupa kikapewa namba, namba ikaandikwa daftarini. Na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye rafu zake kulikuwa na sheria ambayo watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu: kilichotangulia kuingia ndicho hutangulia kutoka. Kipya kinakaa nyuma, cha zamani kinasogea mbele. Unga, sabuni, viberiti, dawa ya meno, usiulize, chukua cha mbele. Majirani walimcheka sana kwa hilo, kisha wakaja kuazima unga.

Jumapili walimeza kidonge cha kwanza pamoja, wamesimama jikoni, wakagonganisha vikombe vya chai kama maharusi. Jumatatu asubuhi Komando alimaliza kidonge cha mwisho cha presha katika zile dawa zake za mwezi. Mchana mumewe akapita duka la dawa, akachukua nyingine za miezi miwili, akarudi nyumbani na kufanya kazi aliyoisubiri tangu tiketi zilipofika. Alitupa maboksi yote. Kila dawa, ya presha, ya malaria, ya tumbo, ya kichwa, aliimimina kwenye kichupa cheupe cha plastiki kutoka gerejini, kilichooshwa na kukaushwa vizuri. Akabandika namba. Akaandika. Akapanga rafu kwa sheria yake, zilizonunuliwa wiki jana mbele, za leo nyuma. Alipomaliza alirudi hatua mbili kuitazama kazi yake, akamwambia mkewe kwamba mzigo umepungua karibu nusu kilo.

Jumanne, kabla hakujapambazuka, Komando aliingia jikoni bila kuwasha taa wala kuvaa miwani, akajaza kikombe maji, akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kichupa cha mbele. Kidonge kilikuwa kikubwa kidogo kuliko alivyozoea, na kichungu. Hakushangaa. Wenye duka la dawa walikuwa na tabia ya kubadilisha kiwanda bila kumwambia mtu. Alimeza, akafunga kamba za viatu, akaenda zake. Jumatano ikawa vivyo hivyo, na Alhamisi, ile asubuhi ya tundu.

Jioni hiyo ya Alhamisi ilikuwa zamu ya lugha. Jirani yao wa ukuta mmoja, mwalimu mstaafu aliyewahi kusoma ng'ambo, alikuwa amejitolea kuwafundisha, na aliwapokea sebuleni kwake na ubao mdogo na chaki tatu. Komando aliketi karibu na mlango. Hakujua kwa nini, ila alitaka kuwa karibu na mlango.

"Leo tunajifunza ya dharura," alisema mwalimu, akaanza kuandika, na chini ya kila sentensi ngeni akaweka maana yake. Nimepotea. Nimeibiwa. Tafadhali, niitie daktari. Ninaumwa hapa. Mume wangu haamki.

"Mwalimu," alisema Komando, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa wembamba, "hakuna la kusema mtu amefurahi?"

"Furaha haihitaji mkalimani, dada yangu. Ukifurahi wataona. Haya, sote pamoja: mume wangu haamki."

Mtunza stoo alicheka mpaka akakohoa, akasema hilo mkewe alishike vizuri maana yeye usingizi wake ni mzito. Komando hakucheka. Alikuwa ameshaiona picha yenyewe: chumba cha hoteli, kitanda, feni, mumewe mdomo wazi, na yeye anakimbia barabarani kwa watu anaowapigia kelele bila wao kumwelewa. Aliiona kwa macho yake, si kwa mawazo. Akasema anaomba kutoka nje apunge upepo, akasimama uani akishikilia kamba ya nguo kwa mikono yote miwili mpaka somo likaisha.

"Mwalimu wako anatisha," mumewe alimtania wakirudi.

"Tembea," alisema Komando. "Kuna mtu nyuma yetu." Hapakuwa na mtu.

Ijumaa ilikuwa siku ya nguzo. Kulikuwa na kikombe cha kauri kilichopasuka, kile kinachoshikilia waya juu ya nguzo, na laini ilikuwa imezimwa kwa saa mbili tu. Kazi ya dakika arobaini. Komando angeweza kuifanya akiwa anasimulia hadithi. Alikuwa na fundi mwenzake waliyemwita Bonge, mtu mnene, mcheshi, ambaye miaka yote alipanga mambo yake kwa namna ambayo yeye hubaki chini.

Akapanda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Kwenye ya kumi na tisa moyo wake uliruka pigo moja, ukanyamaza, kisha ukapiga mawili kwa mpigo. Kizunguzungu kikamjia kutoka nyuma ya macho. Nguzo ikaanza kulala upande, taratibu, na nyumba za chini zikalala nayo. Komando aliikumbatia nguzo kwa mikono na miguu, akabana shavu lake kwenye mbao mpaka likachubuka, akafumba macho.

"Komando! Vipi huko?"

"Inaanguka."

"Nini inaanguka?"

"Nguzo, Bonge! Kimbia, itakuangukia!"

Bonge aliitazama ile nguzo. Ilikuwa imesimama wima kama ilivyosimama kwa miaka ishirini. Aligusa waya wa kuishikilia, ulikuwa umekaza. Halafu akamtazama mwanamke aliye juu, akaona mkanda unavyotetemeka, na mzaha ukamwisha mwilini. Akavaa mkanda wa akiba, ambao ulimtosha kwa shida, akaanza kupanda akihema, akifika kila hatua anasema jina la Mungu. Alipomfikia alimfunga kwake, akamwambia ateremshe mguu wa kulia. Sasa wa kushoto. Sasa wa kulia. Walitumia robo saa kushuka mita saba.

Chini, Komando alikaa kwenye majani, meno yanagongana. Alijua kwamba kama Bonge angekimbia kama alivyoambiwa, yeye angeachia mikono. Hilo ndilo lililomtisha kuliko nguzo. Mikono ile ilikuwa imemlisha na kumsomeshea watoto, na leo ilitaka kuachia.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema Bonge, akimpa maji. "Leo umekuwa mwoga, tumerudi wote wawili, basi tucheke. Lakini uende hospitali."

"Jumatatu."

"Leo."

"Nimesema Jumatatu, Bonge. Na usimwambie mtu." Bonge aliapa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatunza siri.

Lakini kwa nini hakwenda siku hiyo hiyo? Kwa sababu hakuamini kwamba anaumwa. Mtu akiumwa huumwa mahali, na yeye hakuumwa mahali. Alikuwa na hofu tu, na hofu hiyo haikutoka kwake, hakuitambua. Usingizi alioupata ulikuwa mfupi na wenye ndoto zinazoendelea hata baada ya kufungua macho. Kwa hiyo alikata shauri kwamba ni onyo. Alikuwa amesikia habari za watu waliohisi kifo chao kinakuja. Yeye chake kilikuwa kinamsubiri kisiwani, na kilikuwa kimetanguliza salamu.

Jumamosi asubuhi alimeza dawa yake kutoka rafuni kama kawaida, akafuatana na mumewe kubadilisha fedha. Kwenye foleni alisimama ameganda. Mhudumu wa dirishani, binti mwenye kucha ndefu, alikuwa mkarimu wa ushauri: waombe noti ndogo ndogo, waangalie zisiwe na mpasuko maana kule hawazipokei, wasiziweke zote mahali pamoja, na wasihesabu fedha mbele za watu. Mtunza stoo aliandika kila neno. Komando alisikia la mwisho tu. Alimwona mzee nyuma yao ameingiza mkono kwenye koti, mama mwingine akimkonyeza mlinzi, na yule mlinzi akifunga mlango, kwa sababu ipi afunge mlango? Akamshika mumewe mkono, kucha zikaingia.

"Twende nyumbani."

"Bado hajanipa..."

"Baba watoto, twende nyumbani sasa hivi!"

Watu wote waligeuka. Yule mzee akatoa mkono kwenye koti. Alikuwa ameshika miwani. Mtunza stoo alizoa fedha zake na aibu yake wakatoka. Walipofika sebuleni, hata kofia hajaivua, Komando akasema, "Hatuendi."

"Hatuendi wapi?"

"Kisiwani. Nikienda sitarudi. Kuna kitu kinaniambia."

"Kitu gani?"

"Sijui! Ningekijua ningekitukana."

Mumewe aliketi. Alikuwa mtu mpole, lakini upole una mwisho wake, na yeye alikuwa amesubiri dirisha kwa miaka ishirini na sita. "Watoto wamejinyima kwa ajili yetu," alisema. "Mimi nimejifunza kusema nimeibiwa kwa lugha ya watu. Wewe mtu wa nguzo, mtu wa transfoma, leo unaogopa safari?"

"Siogopi safari. Naogopa kila kitu. Naogopa bafu. Naogopa kijiko kikianguka. Jana nilikaa kwenye majani nikamwogopa Bonge."

Angeishia hapo mtunza stoo, angejisifu baadaye. Lakini hasira ni hasara, na ilimchukua. "Sikuoa mwoga mimi," alisema, akaingia chumbani akafunga mlango. Komando alibaki amesimama katikati ya sebule. Maneno hayo yalimuuma sana, na hata huko kuumwa kulichanganyika na woga, asijue kipi ni kipi. Alikaa kwenye kochi, mgongo umeegemea ukuta ili pasiwe na kitu nyuma yake, na mkono kifuani, akihesabu mapigo yanayoruka. Alifika ishirini na tatu akaacha.

Jumapili asubuhi, jua limekwisha kuchomoza, mtunza stoo alimkuta jikoni. Komando alikuwa ameshaamka zamani na kumeza dawa yake ya alfajiri. Walikuwa bado wamenuniana, lakini Jumapili ni Jumapili, na daftari lilisema leo ni kidonge cha pili cha malaria. Mume akatayarisha vikombe viwili vya chai bila kumtazama. Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kichupa cha mbele, akakifungua, akamimina vidonge kiganjani kuchukua viwili.

Akasimama hivyo hivyo.

Mtunza stoo haangalii vitu, huvihesabu. Macho yake yalikuwa yamefanya kazi hiyo kabla hajayaagiza. Akarudisha vidonge kichupani, akavimimina tena mezani, akavipanga kwa kidole, viwili viwili.

"Kumi na nane," alisema polepole. "Tukameza viwili. Kumi na sita. Hapa viko kumi."

"Unasema mimi mwizi?" aliuliza Komando.

"Mama watoto. Dawa ya presha umekunywa leo?"

"Nimekunywa."

"Umeitoa kichupa gani?"

"Cha mbele. Kwani kuna siku umenifundisha kingine?"

Alishusha kichupa cha nyuma. Hakuhitaji kukihesabu, kilikuwa kimejaa mpaka kwenye kifuniko, lakini alikihesabu, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya jambo lingine. Vidonge sitini vya presha, kamili, havijaguswa. Kwa siku sita mkewe hakuwa amemeza hata kimoja. Kwa siku sita alikuwa amemeza kila alfajiri dawa ya kumezwa kwa wiki, na hii ya leo ilikuwa ya saba tangu Jumapili iliyopita. Alijaribu kushika meza, akaikosa, akakaa sakafuni katikati ya jikoni kwake, chini ya rafu yake iliyonyooka.

"Nimekupa sumu," alisema. "Kwa mikono yangu. Nimekupanga foleni na sumu."

Komando hakuelewa mara moja. Alipoelewa, jambo la kwanza lililomjia halikuwa hasira. Alitaka kukimbia, na hakujua amkimbie nani, maana kilichomtisha kilikuwa ndani ya damu yake.

Teksi iliwafikisha hospitali kubwa ya mji. Mtunza stoo aliingia amebeba vichupa vyote na daftari, anaongea kabla hajaulizwa. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho ya usingizi, aliomba aone boksi la dawa. Boksi halikuwapo; gari la taka lilikuwa limepita tangu Jumanne. Mtunza stoo akafungua daftari kwenye ukurasa wa namba, na hapo, kwa mwandiko wake wa stoo, lilikuwepo jina la kila dawa na uzito wake. Daktari akasoma, usingizi wake ukamtoka, akaita watu wawili. Presha ya Komando ilikuwa juu sana. Walimbandika waya kifuani, na karatasi iliyotoka kwenye mashine ilionesha moyo unaopiga hatua kama mlevi.

"Mama, umekuwa na hofu?" daktari aliuliza. "Ndoto mbaya? Kuona vitu, kuhisi watu wanakufuata?"

Komando alimtazama. "Umejuaje?"

"Dawa hii ikizidi hupanda kichwani. Hufanya hivyo hivyo. Hiyo hofu si yako, mama. Ni ya kidonge."

Hapo Komando alilia, kwa kelele, yeye ambaye hakulia alipozaa. Alilia kwa sababu hakuwa mwoga, na kwa sababu kifo hakikuwa kimemwandikia barua kutoka kisiwani. "Basi niondolee," alisema. "Niondolee sasa hivi."

"Siwezi. Moyo tutauangalia hapa siku kadhaa, na presha tutairudisha. Lakini dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Hofu itapungua kidogo kidogo. Wiki kadhaa, pengine. Na safari, kwa sasa, hapana."

Sasa hapa ndipo mtu anapodhani kujua kunatosha. Komando naye alidhani hivyo. Alijilaza wodini akijiambia kwamba ni kidonge, ni kidonge tu, na pazia la kitanda cha pili likatikisika kwa upepo na moyo ukamruka vile vile. Hofu haikujali kwamba ameshalijua jina lake. Watoto walipiga simu mmoja baada ya mwingine, wakasogeza tiketi mbele kwa miezi miwili, wakauliza kama mama ana nafuu, na kila alipojibu kwamba anayo alikuwa akiangalia mlango.

Lakini aliyekuwa na hali mbaya zaidi alikuwa mumewe. Tangu Jumapili hakumpa mkewe kitu chochote kwa mkono wake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki tangu milango inapofunguliwa mpaka anapofukuzwa, mikono ameibana katikati ya magoti. Komando akitaka maji, mumewe alimwita muuguzi. Akitaka mto usogezwe, alimwita muuguzi. Jumanne Bonge alikuja na ndizi, akamrushia mtunza stoo moja ampe mkewe, naye akaiweka juu ya kabati akaurudisha mkono haraka. Alikuwa ameacha kuja na daftari. Komando alimwuliza liko wapi, akasema hajui, na mtu huyo hajawahi kutojua kitu kiko wapi.

Jumatano jioni muuguzi wa wodi alisimama kando ya kitanda na boksi dogo mkononi. Mgonjwa wa mwisho wa wodi alikuwa anatapika na kuita. "Baba, hiki ni cha presha, ni kimoja tu. Mpe mama na maji. Narudi." Akaliweka boksi kwenye paja la mtunza stoo, akaondoka mbio.

"Dada!" mtunza stoo aliita. "Dada, hapana, njoo umpe wewe!" Muuguzi alikuwa ameshapita pazia.

Alilitazama lile boksi. Hakulishika.

"Nipe," alisema Komando.

"Tumsubiri."

"Nipe wewe."

"Na nikikosea?"

Komando alikiwaza kile kidonge ndani ya boksi, na mwili wake wote ukakataa, mkono ukakamata shuka. Alijua kabisa kwamba woga huo ulikuwa wa dawa, na haikumsaidia kitu. Alimwangalia mumewe, akaona kwamba wa kwake haukutoka kwenye kidonge chochote, na hakuna daktari angempa wiki za kuuhesabu.

"Soma," alisema.

Mtunza stoo alivaa miwani. Alisoma jina la dawa, akalirudia. Alisoma uzito wake. Alisoma jina la kiwanda na mji kilipo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuharibika, akasoma itunzwe pasipo jua na mbali na watoto, sauti inakatika kama ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Akaligeuza, akasoma upande wa pili. Kisha akatoa kidonge kimoja, kidogo, cheupe, akakiweka katikati ya kiganja, akamsogezea.

"Naogopa," alisema Komando.

"Na mimi."

Akafumba macho, akafungua mdomo.